Tuanze na Watoto wa Hapa Hapa

(Hotuba kwa wazazi, walimu na makocha katika mkutano wa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, walimu na makocha mliofika, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango: asalamu aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi vyuo vinavyosajili wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kutoka shule za sekondari za jirani. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni kocha msaidizi katika chuo kidogo, na eneo nililopewa ni shule zote ambazo mtu anaweza kuzifikia kwa gari na kurudi kulala nyumbani siku hiyo hiyo. Nitasema mapema ninachoamini, msije mkaona nawazungusha. Timu ya chuo inayowaruka watoto wa mlangoni pake ikaenda kuhangaika mbali inajipunja, na inawapunja watoto hao. Na mzazi anayempuuza kocha wa chuo cha karibu kwa sababu anasubiri simu ya chuo cha kwenye televisheni, huyo naye anampunja mwanawe.

Kwanza ukubwa wa jambo. Katika sekondari za nchi hii kuna wavulana zaidi ya milioni 1 wanaocheza futiboli. Katika kila 100, ni kama 7 tu wanaokuja kucheza katika vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo. Wanaofika Daraja la Kwanza, lile mnalolitazama kila Jumamosi kuanzia Septemba, hawafiki 3. Wenzao wako Daraja la Pili, ambako timu nzima inagawana ufadhili unaolingana na nafasi 36 kamili, au Daraja la Tatu, ambako ufadhili wa michezo haupo hata senti moja, ila ipo misaada ya masomo na ya hali ya familia. Nje ya NCAA kuna vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili.

Mzazi akisikia "chuo kinamtaka mwanao", picha inayomjia ni Alabama, Texas au Ohio State. Huko kuna makocha wenye orodha ya nchi nzima na wafanyakazi wa kuzikagua video usiku na mchana. Nafasi nyingi lakini ziko kwingine, kwa kocha asiye na bajeti ya ndege, aliyepewa gari la chuo na kadi ya mafuta, anayeishi kwa kuzijua shule zilizomzunguka.

Acha niwaeleze kazi hii inavyokwenda, maana wengi mnaona matokeo tu.

Mechi za sekondari huchezwa Ijumaa usiku, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba. Lakini miezi ninayoipenda ni wa nne na wa tano, wakati hakuna mechi hata moja. Ninaingia shuleni, ninasaini daftari la wageni pale ofisini, ninabandikwa karatasi ya jina kifuani, kisha namtafuta kocha mkuu. Mara nyingi ni mwalimu wa historia au wa mazoezi ya viungo, na ana dakika chache tu kati ya kipindi na kipindi. Namuuliza nani mwili wake bado unakua. Nani ana alama nzuri darasani. Nani akiambiwa akimbie tena anakimbia bila kununa. Mwisho nauliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: ni nani kati ya vijana wako ambaye hajapigiwa simu na chuo chochote, na wewe moyoni unaona wanakosea?

Hapo kocha hutulia, hutaja jina, halafu huanza kunihesabia kasoro. Mfupi kwa nafasi anayocheza. Alivunjika mfupa wa mguu mwaka jana. Ameanza mchezo huu akiwa darasa la kumi na moja, kwa sababu ndipo familia yake ilipohamia nchini. Ninazichukua kasoro hizo moja moja na kuzipima: ipi ni ya kudumu, na ipi itaisha kwa chakula, muda na mazoezi? Kijana aliyeanza darasa la kumi na moja hana kasoro machoni pangu. Ana miaka mingi ya kujifunza mbele yake.

Siku hizi kila kijana ana video. Kampuni ya Hudl, iliyoanzishwa mwaka 2006 mjini Lincoln, Nebraska, imefanya kila shule, hata ya kijijini kabisa, iweze kurekodi na kutuma mechi zake. Hilo limewafungulia watoto wengi milango, na ninaitumia kila siku. Hata hivyo video ya dakika nne inamwonyesha kijana katika matukio yake bora. Haionyeshi anavyorudi kwenye mstari baada ya kuangusha mpira, wala anavyozungumza na mwenzake aliyekosea.

Msimu mmoja nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha vyuma katika shule ninayoipitia mara kwa mara, namsubiri kocha. Mfagiaji wa jengo akaniuliza nimemfuata nani. Nikamtajia majina mawili. Akasema, "Hao wazuri. Lakini anayegonga mlango huu alfajiri nimfungulie ni yule pale." Akaninyooshea kidole kwa kijana mrefu mwembamba aliyekuwa anaokota ngao za mazoezi zilizoachwa na wenzake, anazifunga mbili mbili kwa mkanda na kuzitupia begani. Alikuwa mchezaji wa akiba. Nikamwomba kocha anionyeshe picha za mazoezi badala ya mechi, na humo nikaona miguu yake: hatua fupi, kiuno chini, mikono imeingia ndani ya kifua cha mwenzake, na haachii mpaka filimbi ilie. Uzito hakuwa nao. Tukampa chakula na vyuma, uzito ukaja. Alisimama kwenye mstari wetu wa mbele mpaka akahitimu. Kocha wa mbali asingempata, maana mfagiaji yule hayumo kwenye video yoyote.

Ndiyo faida ya kuwa jirani. Unakwenda tena. Unamwona kijana Ijumaa akishinda, unamwona Ijumaa nyingine timu yake imelala kwa pointi 30 na robo ya nne haijaanza. Unamtazama katika michezo mingine pia. Mieleka inaonyesha kama anajua kutumia nyonga zake, mbio za mita 200 hazidanganyi kuhusu kasi, na mpira wa kikapu unaonyesha wepesi wa miguu na jinsi anavyompokea refa anapomwonea. Kisha namuuliza kocha wa timu pinzani: kijana yupi ulikesha ukipanga namna ya kumzuia? Huyo ushahidi wake ni mzito, kwa kuwa hana anachopata kwa kumsifu mtoto wa shule nyingine.

Wapo watakaosema haya ni ya vyuo vidogo visivyo na uwezo. Basi twende kwenye historia.

Mwaka 1979 Howard Schnellenberger alichukua timu ya Chuo Kikuu cha Miami wakati ambapo chuoni watu walikuwa wanajadili kama timu hiyo iendelee kuwepo au ifutwe. Alifanya nini? Alichora mstari wa kufikirika kukata Florida kutoka Tampa hadi Cape Canaveral, akasema kila kilicho kusini mwa mstari ule ndilo jimbo lake, na hatoki humo mpaka awe amewaona vijana wake wote. Akaingia mitaa ambayo makocha wengine waliipita, akakaa sebuleni na akina mama, akawaambia wanao watacheza mbele ya macho yenu. Tarehe 2 Januari 1984, katika mechi ya Orange Bowl, Miami waliifunga Nebraska 31 kwa 30 na kuwa mabingwa wa nchi. Alonzo Highsmith, kijana wa Miami, alifunga. Albert Bentley, kijana wa Immokalee, mji wa wakulima na vibarua wa mashambani kusini magharibi mwa Florida, naye alifunga, na huyo aliingia chuoni bila ufadhili. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Bernie Kosar, alitoka Ohio, na ni sawa: unachokikosa nyumbani unakifuata kilipo. Lakini kwanza hakikisha umekikosa kweli.

Na hao Nebraska waliofungwa kwa pointi moja? Jimbo lao lina watu wachache, lakini makocha Bob Devaney na baadaye Tom Osborne walifungua mlango kwa kila kijana wa mashambani aliyetaka kujaribu, hata bila ufadhili. Nguzo ya mstari wao wa mbele msimu ule ilikuwa Dean Steinkuhler wa kijiji cha Burr, ambaye sekondari yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba walicheza futiboli ya watu 8 kwa kukosa idadi ya kutimiza 11. Mwaka ule wa 1983 alishinda tuzo za Outland na Lombardi, zote mbili za wachezaji bora wa mstari nchini. Sasa niambieni: kocha anayeishi kwa kutazama orodha zinazowapangia vijana alama za nyota angefika Burr kufanya nini?

Iowa ni vivyo hivyo. Dallas Clark alitoka Livermore, mji mdogo wa jimbo hilo hilo, akaingia Chuo Kikuu cha Iowa bila ufadhili, wakambadilisha nafasi, na mwaka 2002 akachukua tuzo ya John Mackey, ya mchezaji bora nchini katika nafasi hiyo mpya. Mwaka uliofuata Indianapolis Colts, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, walimchagua katika raundi ya kwanza ya kugawana wachezaji wapya. Huko California, Aaron Rodgers alimaliza sekondari Chico bila chuo hata kimoja cha Daraja la Kwanza kumpa ufadhili. Akaenda Butte, chuo cha miaka miwili kilicho jirani na kwao. Akacheza msimu mmoja, kocha wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley akamwona, na baadaye akawa kwotabeki maarufu wa NFL.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na moyo wangu ni wa chuo cha watu weusi kilichoko Grambling, Louisiana. Eddie Robinson alianza kufundisha pale mwaka 1941, akaacha mwaka 1997 akiwa na ushindi wa mechi 408. Alipoanza, sheria za ubaguzi ziliwazuia vijana weusi wa Kusini wasiingie katika vyuo vikubwa vya majimbo yao wenyewe, vyuo ambavyo wazazi wao walivilipia kodi. Robinson alikwenda kwa vijana hao. Paul "Tank" Younger alikuwa mzaliwa wa Grambling penyewe. Mwaka 1949 akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuchukuliwa na timu ya NFL, Los Angeles Rams. Doug Williams alitoka Zachary, Louisiana, akawa kwotabeki wa Robinson, na Januari 1988 akawa kwotabeki wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Zaidi ya wachezaji 200 wa Robinson walifika ligi za kulipwa. Hazina hiyo yote ilikuwa imekaa mlangoni pa watu walioifungia mlango kwa makusudi. Nikipita shule ambayo hakuna kocha mwingine anaitembelea, kwa sababu mtaa wake una sifa mbaya au kwa sababu majina ya watoto ni magumu kuyatamka, namkumbuka mzee huyo.

Niseme neno pia kwa vijana wa soka, maana najua nyumba nyingi hapa mpira ni ule wa duara. Pete Gogolak alikuwa kijana wa Budapest. Familia yake ilikimbia Hungaria baada ya mapinduzi ya mwaka 1956, ikafikia Ogdensburg, jimbo la New York. Shuleni kwake hakukuwa na timu ya soka, akajiunga na futiboli, akawa anapiga mpira kwa upande wa mguu kama alivyozoea kwao, wakati kila Mmarekani aliupiga kwa ncha ya kiatu akiwa amenyooka. Chuo cha Cornell, katika jimbo hilo hilo, kilimchukua. Mwaka 1964 aliingia Buffalo Bills, akawa wa kwanza kupiga kwa mtindo huo katika futiboli ya kulipwa. Leo tazameni mechi yoyote ya NFL: wapigaji wote wa mpira wa kupita kati ya milingoti wanapiga kama yule mtoto mkimbizi. Kwa hiyo kijana uliyelelewa na kandanda, usijione umechelewa. Mwombe kocha wa shule yako akupe mpira na mlingoti.

Sasa hali ya leo, na hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu kanuni zimebadilika sana na zimebadilika haraka.

Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo wa wazi wa uhamisho, na tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima. Mwezi Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yao kwenye matangazo. Tangu Julai 2025 vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyokubali mpango mpya vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na katika futiboli ule ukomo wa nafasi 85 za ufadhili umeondolewa, ukawekwa ukomo wa wachezaji 105 katika timu nzima. Maana yake kwa mtoto wako ni nini? Kocha wa chuo kikubwa sasa anaweza kumchukua mtu mzima wa miaka 22 aliyekwisha kucheza miaka mitatu kwingine, akamwacha kijana wa miaka 18. Na timu zilizokuwa na wachezaji zaidi ya 120, wakiwemo wale wa jirani waliojiunga bila ufadhili, zimelazimika kupunguza. Akina Bentley na akina Clark wa leo wanabanwa.

Naliona hilo kuwa hasara kubwa kwa mchezo huu, na sioni aibu kulisema. Lakini limeleta jambo moja jema kwa vyuo kama chetu: vijana ambao miaka kumi iliyopita wasingetuangalia mara mbili sasa wanatusikiliza. Ni juu yetu makocha kuwapokea vizuri, na ni juu yenu wazazi kujua mnachotakiwa kufanya.

La kwanza ni masomo. NCAA, kwa Daraja la Kwanza, inataka masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, na mengine ya kujazia. Wastani usipungue 2.3 kati ya 4.0 katika hayo 16. Tena masomo 10 kati yake, na 7 yakiwa ya Kiingereza, hisabati au sayansi, lazima yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwa hiyo kijana anayeamka darasa la kumi na mbili akasema sasa nitasoma, amechelewa. Daraja la Pili linataka 2.2. Sasa sikilizeni kinachowaumiza watoto wetu hasa: madarasa ya Kiingereza kwa wageni kwa kawaida hayahesabiwi katika hayo 16, isipokuwa yale ya ngazi ya juu yaliyoidhinishwa. Nimeona kijana mwenye alama nzuri tupu kwenye ripoti, ukihesabu masomo yanayokubalika unapata 9. Hakuna aliyemwambia. Mama, nenda shuleni mtoto akiwa darasa la tisa, mwone mshauri wa masomo, mwulize: hili somo linahesabiwa na NCAA? Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa. Mwambie akuonyeshe.

La pili ni umri na nyaraka. Majimbo mengi hayamruhusu mwanafunzi aliyekwisha fikisha miaka 19 kabla ya tarehe fulani kucheza mechi za sekondari. Wengi wetu tuliopitia kambi za wakimbizi tuliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, na mwaka wenyewe ukakadiriwa. Nyaraka hizo zina uzito. Msizibadilishe kienyeji kwa ushauri wa mtu wa mtaani, na msimruhusu mtu yeyote amwambie mtoto ataje umri tofauti na ulio kwenye karatasi. Kama mtoto alisoma darasa la tisa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, tafuteni ripoti za shule ile mapema, kwa lugha zilivyo, pamoja na tafsiri rasmi. Daraja la Kwanza linahesabu miaka minne tangu darasa la tisa lianze, popote lilipoanzia.

La tatu ni pesa. Jazeni fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, mapema iwezekanavyo. Raia na mwenye ukaaji wa kudumu wote wanaweza kuomba. Ruzuku ya Pell, ya serikali hiyo kwa wanafunzi wenye uhitaji, kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026 inafika dola 7,395 na hairudishwi. Mkusanye hiyo, msaada wa jimbo na msaada wa chuo chenyewe, halafu mkae na karatasi mbili mbele yenu: gharama yote ya mwaka, na kile mtakachotoa mfukoni. Wakati mwingine chuo cha Daraja la Tatu kisichotoa ufadhili wa michezo kinawabakizia deni dogo kuliko chuo chenye jina kilichowapa robo ya ufadhili. Linganisheni tarakimu. Rangi za jezi zisiwazuzue.

Na muwe macho. Barua inayomwita mwanao kambini si ahadi ya nafasi. Ni mwaliko wa kambi, na kambi ina ada. Maneno ya kocha kwenye simu, hata yangu mimi, hayajamfunga mtu mpaka karatasi ya ufadhili isainiwe, Desemba au kuanzia Jumatano ya kwanza ya Februari. Anayewaambia mumlipe maelfu ya dola ndipo amtangaze mwanenu kwa makocha, muageni mwende zenu. Video mtaitengeneza wenyewe, na barua pepe kwa kocha kijana ataandika mwenyewe: jina, shule, mwaka wa kuhitimu, urefu, uzito, wastani wa alama, kiungo cha video, simu ya kocha wake. Tunazisoma.

Najua pia hofu iliyo mioyoni mwa akina mama, kwa sababu mnaniambia mkinivuta pembeni. Huu ni mchezo wa kugongana, na kichwa cha mtoto hakina cha akiba. Hofu hiyo ni ya haki na sitaipunguza kwa maneno matamu. Mwaka 2009 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kumtoa uwanjani mara moja mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, na asirudi bila ruhusa ya mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Lakini sheria haishiki mkono wa mtoto. Mtu ndiye anayemshika. Kocha akija sebuleni kwako, mwulize: mwanangu akigongwa kichwa, nani anaamua kama anarudi uwanjani? Mazoezi ya kuangushana ni siku ngapi kwa wiki? Kama jibu ni "mimi kocha ndiye ninayeamua", mpe chai, mshukuru, mwagane. Mwamuzi lazima awe mtaalamu wa afya ambaye ajira yake haitegemei matokeo ya Jumamosi. Na hapa tena ukaribu una kazi yake. Chuo kikiwa mwendo wa saa moja kutoka kwako utakwenda mwenyewe, utaona chumba cha matibabu, utamjua huyo mtaalamu kwa jina, na siku mtoto akikwambia kichwa kinamuuma utakuwa umefika kabla ya jioni.

Makocha wenzangu wa vyuo, mlioitikia mwaliko huu, nina maombi kwenu. Tembeleeni kila shule ya eneo lenu, hata ile iliyomaliza msimu bila ushindi. Katika timu inayofungwa kila wiki ndiko unakomwona anayeendelea kupigana bila kupigiwa makofi. Mkiwa hamna nafasi kwa kijana, mwambieni mwezi huo huo, msimweke akisubiri ili awe akiba yenu huku vyuo vingine vikifunga milango. Mkija nyumbani kwa watu hawa, msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mazungumzo ya pesa na majeraha. Tafuteni mtu mzima anayejua lugha zote mbili. Hilo ni la heshima, na pia ni la haki, kwa sababu kijana wa miaka 17 anayeitamani jezi hatamfasiria mama yake sentensi inayoweza kumkosesha jezi hiyo.

Makocha wa sekondari, tunawategemea kuliko mnavyodhani. Mkitupa neno la kweli juu ya kijana, hata lisilopendeza, tutaliamini na lile linalopendeza. Na msimzuie kijana kucheza mchezo mwingine ili awe wenu mwaka mzima.

Vijana, nyinyi nina moja tu. Kocha wa chuo cha karibu akifika shuleni kwenu, msimtazame kama njia ya kupitia mkisubiri mkubwa aje. Ongeeni naye, mwulizeni maswali, mtembeleeni. Mnaweza hata kwenda kuangalia mazoezi yake ya mwezi wa nne bila gharama nyingine zaidi ya mafuta ya gari la mjomba.

Sitawachosha zaidi. Nimeweka meza pale kulia, na mwalimu wa ushauri wa masomo amekubali kukaa nami. Mzazi aliyekuja na ripoti ya mtoto, njoo nayo tuhesabu yale masomo 16 pamoja, moja baada ya jingine. Ambaye hakuja nayo, anipe jina la shule. Wiki ijayo nitakuwa huko, na nitaanza na wa darasa la tisa.